Nyumba Kandokando ya Msitu: Namna ya Kujenga Makazi Yanayostahimili Moto Kichaa

Kila mwaka mvua zinapokatika na nyasi kuanza kugeuka rangi, wananchi wa Nyanda za Juu Kusini huingia katika kipindi ambacho moto mdogo wa kusafisha shamba unaweza kugeuka moto kichaa kwa upepo wa dakika chache. Katika Wilaya za Mufindi na Kilolo pamoja na Mkoa wa Njombe, kilimo cha miti ya misindano na mikaratusi kimebadili sura ya vijiji. Palipokuwa na mashamba ya mahindi au malisho ya mifugo sasa pana mashamba ya miti, na mara nyingi mstari wa mwisho wa miti hiyo huishia hatua chache kutoka ukutani mwa nyumba. Miti hiyo ni akiba ya familia: ni ada ya shule, ni matibabu, ni mabati ya nyumba ijayo. Wakati huohuo ni kuni zilizosimama.

Hali hii haipo Iringa na Njombe pekee. Tathmini ya Taifa ya rasilimali za misitu, inayofahamika kama NAFORMA, ilionesha kuwa misitu ya Tanzania Bara ina ukubwa wa takriban hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya eneo la ardhi yake. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ni miombo, ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuacha nyasi ndefu zilizokauka chini yake. Mwananchi anayejenga Tabora, Katavi, Ruvuma au Lindi hujenga pembezoni mwa uoto uleule. Moto uliowaka katika Mlima Kilimanjaro Oktoba 2020, na ule wa Oktoba 2022, ulidhihirisha kuwa hata mlima wenye ukungu na baridi unaweza kuungua kwa siku nyingi.

Mjadala kuhusu moto kichaa kwa kawaida huhusu maswali mawili: nani ameuwasha, na nani atauzima. Makala haya yanahusu swali la tatu, ambalo humgusa kila mwenye kiwanja: nyumba iliyo katika njia ya moto ijengwe vipi ili ibaki imesimama? Jibu lake kwa ufupi ni kwamba nyumba nyingi haziteketezwi na ukuta mkubwa wa moto unaotoka msituni. Huteketezwa na cheche zilizopenya katika uwazi mdogo, au na kitu kidogo kilichowaka jirani na ukuta. Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya kuiokoa nyumba hufanyika siku ya kuchagua kiwanja, siku ya kuezeka na siku za kufagia uwanja, muda mrefu kabla moshi haujaonekana.

Namna moto unavyoifikia nyumba

Elimu pana kuhusu jambo hili imekusanywa nchini Australia, ambako ndiko asili ya mikaratusi inayopandwa leo Mufindi na Njombe. Tarehe 7 Februari 2009, katika jimbo la Victoria, moto wa nyika uliua watu 173 na kuharibu nyumba zaidi ya 2,000. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na kiwango cha ujenzi katika maeneo yenye hatari ya moto, kijulikanacho kama AS 3959 na kilichokuwapo tangu mwaka 1991, kilitolewa upya mwaka huohuo kikiwa na masharti makali zaidi. Kwa miaka mingi watafiti wa nchi hiyo wamekuwa wakikagua mabaki ya nyumba baada ya moto ili kujua ipi iliungua, ipi ilibaki, na kwa nini. Kutokana na kazi hiyo, njia tatu zimebainika.

Njia ya kwanza ni cheche. Vipande vya magome, majani na vijiti vinavyowaka hubebwa na upepo na kutua mbali na moto wenyewe. Baadhi ya jamii za mikaratusi hubambua magome yake kwa vipande virefu na vyepesi, na huko Australia vipande hivyo vimewahi kuwasha moto mpya umbali wa zaidi ya kilomita 30. Cheche huanza kufika kabla ya moto, huendelea kuanguka wakati moto unapita, na huweza kuendelea kwa saa kadhaa baada ya moto kupita. Ndizo zinazosababisha sehemu kubwa ya upotevu wa nyumba.

Njia ya pili ni joto la mnururisho, yaani joto linalosafiri hewani bila moto kugusa kitu, kama joto la jua. Jua la mchana mkali hutoa takriban kilowati 1 kwa kila mita ya mraba. Moto wa msitu ulio karibu unaweza kutoa makumi ya kilowati. Joto hilo hupasua vioo, hukausha na kuwasha mbao, hulainisha plastiki, na humuua mtu aliye wazi kabla moto wenyewe haujamfikia.

Njia ya tatu ni moto kugusa jengo moja kwa moja, jambo linalotokea pale miti, vichaka, nyasi ndefu au uzio unaowaka unapokuwa umeungana na nyumba.

Kiwango cha Australia hupima hatari ya kiwanja kwa kuangalia aina ya uoto uliopo ndani ya mita 100, umbali wake na mwinuko wa ardhi. Kisha kiwanja huwekwa katika daraja kulingana na joto linaloweza kufika ukutani: kilowati 12.5, 19, 29 au 40 kwa mita ya mraba, na juu ya hapo lipo daraja la kuguswa na moto wenyewe. Kwa mfano, katika jimbo la Victoria, nyumba iliyo kwenye tambarare na iliyo chini ya mita 19 kutoka msituni huhesabiwa kuwa itaguswa na moto. Nyumba hiyohiyo ikisogezwa kati ya mita 48 na 100, hushuka hadi daraja la kilowati 12.5. Kipimo hicho ni sheria ya Australia na hakimfungi mjenzi wa Tanzania, lakini funzo lake ni wazi: mita 30 za ziada kutoka kwenye miti huweza kuleta kinga ambayo fedha nyingi za vifaa vya ujenzi haziwezi kuileta.

Uchaguzi wa mahali pa kujenga

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mteremko. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa sababu ndimi zake huinamia uoto ulio juu yake na kuukausha kabla ya kuufikia. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa moto ni kwamba kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban maradufu. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa kwenye ukingo wa juu wa bonde lenye miti, mahali ambapo wengi hupapenda kwa sababu ya mandhari na hewa, ndiyo iliyo hatarini zaidi. Ikibidi kujenga kilimani, nyumba irudishwe nyuma ya ukingo hadi sehemu tambarare, na upande unaotazama bonde usafishwe kwa umbali mkubwa kuliko pande nyingine.

Jambo la pili ni upepo. Wazee wa kijiji hujua upepo wa miezi ya Agosti hadi Oktoba hutoka upande gani, na moto wa miaka iliyopita ulipita wapi. Maelezo yao yana thamani sawa na ya mpimaji wa kiwanja, na yanafaa kutafutwa kabla ya kuchimba msingi. Upande unaotoka upepo wa kiangazi ndio unaohitaji nafasi kubwa zaidi kati ya nyumba na uoto.

Jambo la tatu ni njia. Kiwanja kinachofikika kwa njia moja nyembamba iliyopita katikati ya miti ni mtego, kwa kuwa moto ukiikata, gari la zimamoto haliwezi kuingia na familia haiwezi kutoka. Nyumba iwe na njia mbili za kutokea, moja yake ikielekea kwenye ardhi iliyo wazi kama vile uwanja wa mpira, shamba lililolimwa au barabara kuu. Njia ya gari iwe na upana wa kutosha na nafasi ya kugeuzia, na matawi yaliyoinamia barabarani yakatwe.

Paa na dari

Cheche nyingi huanguka juu ya paa, kwa hiyo paa ndilo kinga ya kwanza ya nyumba. Paa la nyasi au makuti huwaka kwa cheche moja, na likishawaka ni vigumu mno kulizima. Paa la bati au vigae haliwaki. Hata hivyo, wengi hudhani kuwa nyumba ikishaezekwa kwa bati imekingwa, kumbe hatari imehamia chini ya bati. Bati la migongo linapolala juu ya papi au juu ya ukuta huacha matundu yaliyopangana kama meno ya kitana. Cheche hupita humo na kutua darini, ambako kuna kenchi, vumbi, viota vya ndege na pengine mahindi au mbao zilizohifadhiwa. Moto wa namna hii huanza kimyakimya, na mara nyingi wenye nyumba huugundua baada ya hatari ya nje kupita.

Dawa yake si ghali. Matundu ya migongo kwenye ukingo wa paa na chini ya kofia ya mgongo wa nyumba yazibwe kwa saruji au kwa vipande vya bati vilivyokatwa kufuata umbo la bati. Pale ambapo hewa inahitajika, uwekwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 2. Kiwango cha Australia hutaka nyufa zote za nje zenye upana wa kuzidi milimita 3 zizibwe, kwa kuwa huo ndio ukubwa wa kutosha kupitisha cheche yenye uwezo wa kuwasha moto. Fundi anaweza kuupima upenyo huo kwa msumari: pale msumari wenye unene wa milimita 3 unapoingia, cheche nayo inaweza kuingia.

Umbo la paa nalo lina uzito wake. Paa lenye pande mbili na mistari iliyonyooka hupitisha majani na cheche zikaanguka chini. Paa lenye makutano mengi, mabonde na vipenu hukusanya majani makavu katika kila pembe. Mifereji ya maji ya mvua ni lazima kwa anayevuna maji, lakini mfereji uliojaa sindano za misindano ni utambi uliozunguka nyumba. Usafishwe mvua zinapokatika, na uendelee kukaguliwa kila mwezi hadi mvua zitakaporudi.

Kwa familia ambayo bado haijamudu bati, upo ujuzi wa asili unaostahili kukumbukwa. Nyumba ya tembe ya Wagogo huezekwa kwa fito na miti iliyofunikwa kwa tabaka nene la udongo, na paa hilo la udongo halishiki cheche zinazoliangukia. Tembe ni ya nchi kame na haihimili mvua kubwa za Mufindi, lakini kanuni yake hutumika popote: kitu kinachotazama juu kisiwe kitu kinachowaka. Palipo na nyumba za nyasi, zisijengwe zikigusana, na jiko liwe mbali na nyumba ya kulala, upande ambao upepo hautabeba cheche kuelekea kwenye mapaa.

Kuta, madirisha na milango

Kuta za tofali za kuchoma, tofali za saruji au udongo uliosiliwa vizuri hustahimili moto. Katika vijiji vilivyo jirani na viwanda vya mbao, baadhi ya nyumba, stoo na mabanda hujengwa kwa mabanzi kwa sababu ya bei yake nafuu. Mabanzi yana magome na nyufa, hukauka upesi na hushika cheche kirahisi. Asiye na budi kuyatumia anashauriwa kuyakandika udongo na kupiga lipu upande wa nje, hasa katika nusu mita ya chini ya ukuta, ambako majani hurundikana na cheche hujikusanya.

Dirisha ndilo sehemu dhaifu ya ukuta. Kioo cha kawaida hupasuka kwa joto, na kikishaanguka, cheche na joto huingia ndani hadi kwenye mapazia, magodoro na makochi. Kinga bora kwa gharama ndogo ni wavu wa chuma upande wa nje wa dirisha. Wavu huo huzuia cheche, hupunguza joto linalofika kwenye kioo, na huzuia mbu mwaka mzima. Wavu wa plastiki huzuia mbu lakini huyeyuka kwa moto, kwa hiyo tofauti ya bei kati yake na wavu wa chuma ina maana kubwa kuliko inavyoonekana dukani. Vifuniko vya dirisha vya bati au vya mbao nzito vinavyofungwa kwa nje huongeza kinga. Ni vyema pia upande unaotazama msitu uwe na madirisha machache na madogo.

Milango ya nje iwe ya chuma au ya mbao ngumu isiyo na uwazi chini. Pale ambapo upo, kizingiti kiinuliwe kwa saruji ili mlango ukae juu yake. Baraza iwe ya saruji au udongo, na kama ina nguzo za mbao, zisimame juu ya vitako vya saruji ili moto wa majani usizifikie. Baraza yenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa huficha majani makavu chini yake na kuwa tanuri mlangoni.

Mita kumi za kwanza

Mama au bibi afagiaye uwanja kila asubuhi hadi udongo uonekane anafanya kazi ambayo sheria za baadhi ya nchi humlazimisha mwenye nyumba kuifanya. Uwanja mweupe uliozunguka nyumba ulikuwa kinga dhidi ya nyoka na wadudu, na ni kinga dhidi ya moto unaotambaa kwenye nyasi. Wataalamu wa moto huligawa eneo la kuzunguka nyumba katika kanda, na kanda muhimu kuliko zote ni mita 10 za kwanza. Humo kisiwepo kitu cha kuulisha moto.

Katika mita hizo ndimo hupatikana vitu vinavyoteketeza nyumba nyingi: kuni zilizopangwa ukutani, gunia za mkaa barazani, mabua ya mahindi, vumbi la msumeno, uzio wa matete au mabanzi uliogusa pembe ya nyumba, matairi ya zamani na mbao zinazosubiri mnunuzi. Kila kimoja kikipata cheche huwaka kwa muda mrefu, kwa joto kali, mahali pabaya kuliko pote. Kuni na mbao zihamishiwe umbali wa mita 10 au zaidi katika miezi ya kiangazi. Uzio wa miti au matete ukatizwe kabla ya kuifikia nyumba, na nafasi hiyo ijazwe kwa tofali au waya. Ghala la nafaka na banda la mifugo navyo vitenganishwe na nyumba, kwa kuwa banda lenye majani likiwaka huiambukiza nyumba na humpotezea mkulima mifugo kwa wakati mmoja.

Jambo jingine ni mitungi ya gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi sasa ipo hadi vijijini. Gesi hupunguza mahitaji ya kuni, lakini mtungi unaochemshwa na moto huachia gesi inayowaka kwa nguvu. Unaowekwa nje usimame wima upande wa nyumba usiotazama msitu, juu ya sakafu isiyowaka, mbali na dirisha na mlango.

Mahali penye mteremko, udongo ulioachwa wazi kabisa humomonyoka mvua zinapoanza. Hapo nyasi fupi zinazofyekwa mara kwa mara, viazi vitamu, mboga au migomba hufaa zaidi. Migomba na mimea yenye maji hupunguza kasi ya moto na kukinga upepo, mradi majani yake makavu yaondolewe.

Miti: iwe umbali gani, na ipangwe vipi

Hakuna anayetarajia mkulima wa Mufindi aache kupanda miti. Kinachoshauriwa ni kuipanga. Mti wowote usiinamie paa, na matawi yake yawe mbali na ukuta kiasi kwamba ukianguka hauigusi nyumba. Kati ya mita 10 na 30, miti iachwe michache yenye nafasi kati ya vilele vyake, matawi ya chini yakatwe hadi mita 2 kutoka ardhini, na vichaka vilivyo chini yake viondolewe. Vichaka na matawi ya chini ni ngazi inayoupandisha moto kutoka kwenye nyasi hadi kileleni, na moto uliofika kileleni hauzimwi tena kwa matawi mabichi na ndoo.

Shamba la miti lenyewe lianzie mbali kadiri ardhi inavyoruhusu, na kati yake na makazi pawe na barabara ya kuzuia moto inayolimwa au kufyekwa kila mwaka kabla ya kiangazi. Shamba kubwa la miti la Serikali la Sao Hill wilayani Mufindi lina mtandao wa barabara za namna hiyo. Wakulima wadogo ambao mashamba yao yamepakana wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kukubaliana kila mmoja kuacha mita chache upande wa mpaka wake. Barabara ya kuzuia moto haizuii cheche kuruka, lakini huuvunja moto wa ardhini na huwapa wazimaji mahali salama pa kusimama na njia ya kurudi nyuma.

Maji

Katika jimbo la Victoria, nyumba mpya iliyojengwa katika eneo lenye hatari kubwa ya moto, kwenye kiwanja cha zaidi ya mita za mraba 1,000, hutakiwa kuwa na akiba ya lita 10,000 za maji kwa ajili ya moto pekee. Kiasi hicho ni kikubwa kwa familia nyingi, lakini hata pipa mbili zilizojaa, ndoo zake na ngazi ya kufikia paa huwa na thamani kubwa, kwa sababu kazi ya maji hayo si kuuzima moto wa msitu. Kazi yake ni kuzima cheche moja baada ya nyingine kabla hazijawa moto.

Tangi liwekwe upande wa nyumba ulio mbali na msitu. Tangi la plastiki likiguswa na moto huyeyuka hadi pale maji yalipofikia, na bomba la plastiki lililo juu ya ardhi huungua mapema zaidi. Kwa hiyo bomba lifukiwe, na koki iwe ya chuma. Haifai kutegemea pampu ya umeme peke yake, kwani nguzo za umeme zinaweza kuungua mapema. Tangi lililoinuliwa juu ya mnara wa tofali huteremsha maji bila msaada wa mashine.

Sheria na wajibu wa kijiji

Nyumba moja iliyojengwa vizuri katikati ya uoto usioangaliwa hubaki hatarini, na kwa sababu hiyo kinga ya moto ni jambo la kijiji kizima. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa uoto na kutaka kibali kwa anayetaka kuchoma. Mwananchi anayeandaa shamba anapaswa kwanza kufika ofisi ya Serikali ya Kijiji au kwa ofisa misitu, kuwataarifu majirani, kulima ukanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba lake, na kuchoma asubuhi au jioni pasipo upepo, huku kukiwa na watu wa kutosha hadi cheche ya mwisho izimike. Warina asali, wachoma mkaa, wawindaji na wafugaji nao wanahusika, kwa kuwa moto mwingi hutokana na shughuli za binadamu.

Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji ni nafasi ya kuamua mapema wapi pawe makazi, wapi pawe miti na wapi pawe barabara za kuzuia moto. Mkutano Mkuu wa Kijiji unaweza pia kupitisha sheria ndogo za umbali wa miti kutoka kwenye nyumba, shule na zahanati. Ni rahisi zaidi kukubaliana kuhusu umbali huo kabla miche haijapandwa kuliko kumtaka jirani akate miti yenye umri wa miaka minane.

Kwa mwenye nyumba iliyokwisha kujengwa

Wananchi wengi hawajengi leo; wanaishi katika nyumba za jana. Kwao kazi zipangwe kwa kufuata gharama. Kazi zisizohitaji fedha hutangulia: kuhamisha kuni na mbao, kufagia na kufyeka mita 10, kukata matawi yaliyoinamia paa, kusafisha mifereji na kutoa viota na takataka darini. Zinafuata zenye gharama ndogo, ambazo ni kuziba migongo ya bati, kuziba nyufa na kubadili nyavu. Mwisho huja kubadili paa la nyasi, kujenga mnara wa tangi au kuondoa mistari ya miti iliyo karibu mno. Kazi mbili za mwanzo zinaweza kukamilishwa na familia moja ndani ya wiki chache za mwezi Mei au Juni.

Siku moto unapokaribia

Hakuna nyumba isiyoweza kuungua. Ujenzi mzuri huongeza muda na uwezekano wa kupona, lakini hauondoi hitaji la kuondoka. Wazee, watoto, wajawazito na wagonjwa waondolewe mapema, njia zikiwa bado wazi, kwa kuwa kukimbia dakika za mwisho katikati ya moshi kumegharimu maisha ya wengi duniani. Mifugo ifunguliwe na kuelekezwa kwenye ardhi iliyolimwa. Taarifa itolewe kwa viongozi wa kijiji na kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba ya dharura 114, ambayo hupigwa bila malipo.

Anayebaki kusaidia avae nguo ndefu za pamba na viatu vilivyofunikwa, kwa kuwa nguo za nailoni huyeyukia mwilini. Madirisha na milango ifungwe, mapazia yashushwe, ndoo zijazwe. Moto ukifika, watu wakae ndani upande usioelekea moto, karibu na mlango wa kutokea, kwa kuwa ukuta wa tofali hukinga joto ambalo mwili hauwezi kulihimili nje. Ukuta wa moto ukishapita, watoke na kukagua paa, dari, baraza na kila pembe, na warudie ukaguzi huo kwa saa kadhaa. Nyumba nyingi zilizonusurika moto mkubwa ziliokolewa na mtu aliyerudi na ndoo moja kuzima cheche iliyokuwa bado ndogo.

Mwenye kutaka kujua hali ya nyumba yake anaweza kuanza kwa kuizunguka mara moja mvua zinapokatika, akitazama juu kwenye migongo ya bati, katikati kwenye madirisha, na chini pale ukuta unapokutana na ardhi. Kila mahali atakapoona jani kavu limetua na kukaa, ndipo cheche nayo itakapotua.